Sauti Iliyoachwa Garini

Mtaa mzima ulimjua kwa sauti, na karibu hakuna aliyemjua kwa sura. Kwa sura alikuwa Mama Pacha, mshonaji wa mapazia, mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, ambaye ukikutana naye njiani ungempisha na kumsahau hapo hapo. Kwa sauti alikuwa Shangazi. Shangazi ndiye aliyetangaza maji yatakatwa lini, duka la viatu linafunguliwa wapi, mtoto aliyepotea amevaa nini, na msiba uko nyumba ipi. Gari dogo lenye spika mbili juu ya paa lilipita polepole, Shangazi akiongea, na watu wakaacha walichokuwa wakifanya wakatega sikio. Kumbe ndani ya gari hakukuwa na mwanamke yeyote. Alikuwemo shemeji yake peke yake, anaendesha huku akitafuna karanga.

Sauti hiyo ilimsumbua tangu utotoni. Mama yake alimwambia kila siku aipunguze, maana akiomba chumvi jikoni majirani wanadhani wameitwa wao. Shuleni mwalimu mkuu alimpenda kwa ajili hiyo hiyo, akamfanya msomaji wa matangazo ya asubuhi, na wanafunzi waliochelewa walikuwa wakiyasikia wakiwa bado njiani. Alipoolewa na fundi bomba, mama mkwe alilalamika kwamba bibi harusi akicheka vyombo vinalia kabatini. Basi akajifunza kuongea kwa kubana koo, kidogo kidogo, hadi watu wakaanza kumsifu kwa upole. Akawa na sauti mbili: moja ya kuishi nayo, nyingine akaiweka akiba.

Aliyeifukua ile ya akiba ni mdogo wa mumewe. Huyu walimwita Waya, kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila waya kuning'inia mfukoni. Waya alikuwa amenunua gari chakavu na spika za mtumba, akaanzisha kazi ya matangazo, lakini kila alipofungua mdomo watu walifunga madirisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuja kugomba. Siku moja alikuwa uani anakoroga povu la kufulia, akamsikia shemeji yake akiwaita pacha kutoka dirishani.

"Shemeji, hiyo sauti ulikuwa umeificha wapi?"

"Sauti gani? Nimewaita watoto wakaoge."

"Umewaita watoto, lakini mimi ndiye niliyesimama. Tena nimetaka kuoga."

Mumewe hakulipenda wazo lile hata kidogo. Alisema hataki mkewe atembezwe barabarani kama dawa ya panya. Wakavutana, wakapatana: afanye, lakini jina lake lisitajwe, wala mtu asijue, hata watoto. Toka siku hiyo, pacha wakiwa shuleni, Mama Pacha aliketi kitandani, akajifunika blanketi gubigubi ili kelele za mtaani zisiingie, akaishika simu inayorekodi karibu na mdomo. Waya alikaa kwenye kiti nje ya mlango, kwa heshima, akimwelekeza.

"Tabasamu, shemeji."

"Nitabasamu nini humu gizani? Nakaribia kufa kwa joto."

"Tabasamu linasikika. Ukinuna hawanunui."

Akatabasamu gizani, jasho likimtiririka hadi kwenye nyusi. Baadaye Waya aliongeza mwangwi na muziki kidogo, na sauti ikatoka nene na tamu kuliko mwenyewe. Kila tangazo lilianza vile vile: "Tangazo, tangazo, tangazo! Shangazi yenu anawaambia..." Na watu walimwamini Shangazi. Hilo alilishuhudia mwenyewe akiwa kwenye foleni ya maji na ndoo yake, wanawake wakibishana kama yatatoka kesho au hayatoki, hadi mmoja akasema kwamba Shangazi ameshasema yatatoka, na ubishi ukaisha. Mama Pacha alitazama ndani ya ndoo ili wasimwone anavyofurahi. Kwa mara ya kwanza maishani alijiona mtu mwenye kitu ambacho watu wanakihitaji.

Sasa palikuwa na mwenye duka kubwa la magodoro na vyombo vya nyumbani, ambaye mtaa ulimwita Tajiri hata akiwa anasikia. Huyu alimwagiza Waya tangazo la Jumamosi: magodoro yote nusu bei, kuanzia asubuhi. Maneno aliyachagua mwenyewe, akayaandika kwa mkono wake, na Mama Pacha aliyasoma kama yalivyo. "Mlango uko wazi! Ingia, chagua, beba! Usisubiri kuambiwa na jirani!" Waya aliliunganisha tangazo ili likifika mwisho lianze upya lenyewe, kama ilivyo kawaida ya kazi ile, maana hakuna mtu mwenye moyo wa kubonyeza kitufe kutwa nzima. Likazunguka mitaani wiki yote.

Na wiki ile yenyewe, ukitaka ukweli, haikuwa wiki ya kuwachezea watu. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa, vijana wamejaa vibarazani hawana hata pa kujifanya wanakwenda. Umeme ulikuja na kuondoka bila kuaga. Nauli zilikuwa zimepanda. Wauza mitumba walikuwa wamevunjiwa meza zao na askari wa mji, halafu wakatozwa faini kwa uchafu wa mbao zilizovunjwa. Watu walikuwa wamejaa hadi kooni. Kwa mtu anayelala juu ya boksi lililokunjuliwa, godoro la nusu bei si jambo la kupita hivi hivi, na Tajiri alilijua hilo ndiyo maana alilitangaza.

Jumamosi ile mbele ya duka hapakuwa na pa kuweka mguu. Waya aliegesha gari ng'ambo ya barabara, akafungulia tangazo, akalifunga gari kwa ufunguo, akaenda kunywa chai. Mama Pacha alikuwa nyumbani na homa, amejifunika blanketi lile lile la kazi. Yaliyotokea aliyapata kwa Waya, na mengine aliyaona baadaye kwenye simu za watu.

Tajiri alichungulia kutoka dirisha la juu, akauona umati, tamaa ikamwingia. Wengi namna ile, alijisemea bila shaka, watanunua hata kwa bei nzima. Akatuma mtu akabandike karatasi mlangoni: nusu bei ni kwa anayenunua mawili, na mlango utafunguliwa saa sita. Waliokuwa mbele waliisoma, wakageuka kuwaambia walio nyuma. Walio nyuma hawakuelewa kitu, kwa sababu nyuma yao kabisa Shangazi alikuwa anawaambia kwamba mlango uko wazi. Wakasukuma. Walinzi wakatoa virungu. Mzee mmoja akaanguka kwenye ngazi, damu ikamtoka kichwani, na kelele zikapigwa kwamba ameuawa, ingawa hakufa, yupo hadi leo na anapenda kulieleza. Jiwe likaruka. Kioo kikashuka chote kwa mara moja, na kuanzia hapo ikawa patashika nguo kuchanika.

Magodoro yalionekana yakitembea barabarani, miguu tu ikitokeza chini. Kisha likafuata duka la dawa, likafuata la simu, likafuata hata la vitabu, ambalo siku za amani lilikuwa halipati wateja. Polisi walikuja na moshi, kisha na risasi. Waliokuwa ndani wakakimbilia nje, waliokuwa nje walikuwa bado wanaingia, wakakutana mlangoni. Watu walikanyagwa pale, na wengine hawakuinuka. Na muda wote huo gari lilikuwa limefungwa, Waya amekwisha timua mbio na ufunguo mfukoni, na Shangazi aliendelea kuwakaribisha. Muziki kidogo, tabasamu, ingia, chagua, beba. Likiisha linaanza. Mwishowe mtu alilitia gari moto, na hata hapo sauti haikukata mara moja. Ilizama polepole ndani ya moshi, ikawa nzito ya kiume, halafu ndipo ikanyamaza.

Waya alifika nyumbani viatu mkononi.

"Shemeji, sauti yako imebaki kule."

"Imebaki wapi?"

"Garini. Nimesahau kuizima." Akaweka viatu chini. "Hapana, nisiseme uongo. Sikusahau. Nilikimbia."

Akamweleza yote akiwa amesimama, hakutaka hata kukaa. Alisema anakwenda mbali, kwa wajomba zake, na kwamba atapiga simu mambo yakitulia. Alipofika mlangoni aligeuka. "Usiongee na watu, shemeji. Sijui nikwambieje. Usiongee kabisa." Simu yake haikupatikana tena.

Kesho yake mkuu wa mji alizungumza redioni. Alisema uchunguzi wa awali umeonyesha kwamba ghasia zilipangwa. Alisema kulikuwa na mwanamke aliyetumia kipaza sauti kuwahamasisha wahalifu wavunje na wabebe, na kwamba atatafutwa popote alipo. Mama Pacha na mumewe walisikiliza wakiwa mezani. Chai yao ilipoa, hakuna aliyeigusa.

Basi mji ukaanza kutafuta wa kulaumu, na hapo kila mtu alikuwa na wake mfukoni. Wazee walilaumu malezi. Vijana wakawalaumu polisi. Polisi wakawalaumu wanasiasa, na wanasiasa wakawalaumu wanasiasa wenzao. Wako waliosema ni njaa, wako waliosema ni bangi, na mmoja kwa kinyozi alisema ni mwezi mpevu, akaachwa aendelee. Lakini katika yote hayo, mwanamke wa spika hakukosekana. Yeye aliwafaa wote. Hata Tajiri alipohojiwa kwenye televisheni alilia machozi ya kweli, akasema gari lile halijui, labda lilitumwa na maadui wake. Karatasi yake ya mlangoni ilikuwa imepotea pamoja na mlango uliovunjwa.

"Mwongo!" Mama Pacha alijikuta amesimama. "Mwongo mkubwa! Maneno yale kayaandika kwa mkono wake mwe..."

Mumewe alimziba mdomo kwa kiganja. Alimziba kwa upole, lakini macho yake yalikuwa mlangoni, na hapo ndipo Mama Pacha alipojua kwamba mume wake anaogopa kuliko yeye.

"Twende tukaseme," alimnong'oneza alipoachiliwa.

"Tukaseme kwa nani?"

"Polisi. Tuseme alituagiza yeye."

"Alimwagiza Waya. Waya yuko wapi? Hilo karatasi la maneno liko wapi?"

"Lilikuwa garini."

"Basi umebaki na nini? Sauti tu. Wataanza na sauti, mke wangu, na wataishia hapo hapo."

Mama Pacha akafyata ulimi. Dukani alinyooshea kidole sabuni, akanyooshea kidole kiberiti. Alijifunga kitambaa shingoni, akawa anagusa koo na kukunja uso, watu wakampa pole na kumfundisha dawa. Wateja wa mapazia aliwajibu kwa kichwa. Mwenye nyumba alipokuja kuuliza habari ya bomba linalovuja alichorewa bomba kwenye kipande cha kitambaa kwa chaki ya kushonea. Watoto wake walidhani mama ni mgonjwa sana, na mmoja wao akaanza kukojoa kitandani.

Kwa maana hofu yenyewe haikukaa mbali, ilikaa kwenye simu za watu. Picha za video za siku ile zilikuwa zimesambaa, na katika kila moja, nyuma ya vioo vinavyovunjika, alikuwemo yeye. Akipita kwa kinyozi anaisikia sauti yake. Akisimama kwenye foleni ya maji anaisikia, na wanawake wale wale waliokuwa wakimwamini sasa wanatema mate chini. Muuza simu, ambaye duka lake lilifagiliwa likabaki rafu tupu, alikuwa akitembea na visikilizio masikioni kutwa, anaisikiliza sauti ile tena na tena, anawatazama wanawake midomoni. Alikuwa mtu mwema kabla ya hapo, mcheshi. Sasa hakuna aliyemtania.

Kijana mmoja aliiweka sauti ile iwe mlio wa simu yake. Mama Pacha aliusikia kwa ghafla, mgongoni mwake kabisa, akajikuta amekaa vumbini. Kijana akamwinua kwa adabu.

"Pole, mama. Ni sukari?"

Akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, ni sukari.

Siku nyingine alirudi nyumbani akawakuta pacha wanacheza. Mmoja amepanda kigoda, mikono kiunoni, anapaza sauti nene: "Ingia, chagua, beba!" Mwenzake anakimbia na mto kichwani, anaanguka mlangoni, analala chali, ulimi nje. Walikuwa wanacheka. Mama Pacha alimshusha wa kigodani kwa kofi, yeye ambaye hakuwahi kuwapiga. Mtoto alimtazama akisubiri kuambiwa amekosa nini, na mama yake akaokota mto akaurudisha kitandani.

Walipolala watoto alimnong'oneza mumewe hesabu yake, kila siku ile ile. Kiwanda. Umeme. Virungu. Karatasi ya Tajiri. "Mimi nimesoma tu nilichoandikiwa."

"Ndiyo."

"Na mtu mzima haachi akili zake nyumbani kwa sababu spika imesema."

"Haachi."

Mumewe alikubali kila kitu, wala hakuwa akimpoza tu, aliamini. Lakini ingekuwa kukubaliwa kunatosha, angepata usingizi.

Alasiri moja alitoka kupeleka mapazia, akapitia sokoni kwenye mitumba kwa kuwa ndiyo njia ya mkato. Alisikia kelele kabla hajaona watu. Umati ulikuwa umezunguka meza ya mashati, na katikati, ameshikwa mikono yote miwili, alikuwa muuza mitumba mmoja, mwanamke mpana mwenye sauti kubwa ya kuitia wateja. Muuza simu ndiye aliyemshika. Visikilizio vyake vilikuwa vinaning'inia kifuani.

"Ni yeye! Nimesimama hapa namsikiliza anavyoita. Ni yeye!"

"Mimi? Mimi nauza mashati hapa miaka yote, jamani! Waulizeni wenzangu!"

"Sema yale maneno. Sema, ingia, chagua, beba."

"Sisemi mimi maneno ya watu."

"Anakataa! Mbona anakataa?"

Mtu akampiga kibao, mdomo ukachanika. Basi akayasema, huku analia, na ilikuwa vibaya zaidi.

"Mmesikia? Si mmesikia wenyewe? Ni yeye!"

Sauti fulani nyuma ikasema leteni tairi. Mama Pacha aligeuka akaliona linakuja, linapitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu, na waliolipokea hawakuwa majambazi. Alimwona fundi viatu wake. Alimwona kijana wa mlio wa simu. Miguu ikageuka yenyewe kuelekea nyumbani, na wala hakuizuia. Alikwisha piga hatua kadhaa aliposikia yule mwanamke akilia, "Si sauti yangu! Wallahi si sauti yangu!" Hayo ndiyo maneno aliyokuwa amejiandalia yeye mwenyewe kwa siku atakayokamatwa. Alikuwa ameyafanyia mazoezi. Sasa aliyasikia yanavyosikika, na akaona kwamba hayamsaidii mtu.

Akarudi, akajipenyeza.

"Jamani, siye," alisema. "Ni mimi."

Kilimtoka kisauti kidogo kilichokwaruza, cha koo lililokaa bila kazi.

"Rudi nyuma, mama, utaumia," mwanamume mmoja alimwambia.

"Sauti ile ni yangu. Ni mimi Shangazi."

Wakacheka. Kweli, katikati ya jambo lile walicheka. "Huyu si Mama Pacha wa mapazia?" mwanamke mmoja alisema. "Huyu hata bei ya pazia lake huwezi kuisikia. Mtoeni, homa imempanda kichwani."

Siku zote zile aliogopa kufumbua mdomo, na sasa ameufumbua mbele ya mji mzima, hakuna aliyejali. Kwanza alisikia nafuu, nafuu kubwa hata machozi yakamlenga. Amesema kweli, hawakumwamini, angeweza kwenda zake na hakuna mtu duniani ambaye angemfuata. Lakini tairi lilikuwa limefika. Lilikuwa limewekwa begani mwa yule mwanamke, na yeye hakuwa analia tena, alikuwa anatazama tu, mdomo wazi.

Mama Pacha akapanda juu ya meza, akasimama katikati ya mashati. Akafungua kitambaa shingoni. Akavuta pumzi hadi tumboni kama alivyozoea chini ya blanketi, na alipoanza akahisi sauti haitoki sawa. Kulikuwa na kitu kimepungua, na alijua ni kipi. Akawatazama watu wale, na petroli ndani ya chupa ya maji, na akatabasamu.

"Tangazo, tangazo, tangazo! Shangazi yenu anawaambia..."

Kelele zilikatika. Hapakuwa na mwangwi wala muziki, lakini ilikuwa yenyewe, na kila mtu pale aliijua tangu zamani, kabla ya magodoro, tangu enzi za maji na watoto waliopotea. Watu wa nyuma walitafuta gari kwa macho.

"Mwanamke mliyemshika siye. Shangazi ni mimi, mshonaji, nyumba yenye geti la bluu nyuma ya bomba la maji. Tangazo la magodoro nililisema mimi, nimejifunika blanketi chumbani kwangu, na siku ile nilikuwa naumwa. Maneno nililetewa na Tajiri mwenye duka. Yeye ndiye aliyesema mlango uko wazi, na yeye ndiye aliyeufunga. Mwacheni mama huyo aende nyumbani kwake. Tangazo, tangazo, tangazo! Shangazi yenu anawaambia, mwanamke mliyemshika siye..."

Alikuwa ameanza upya. Hakujua namna ya kukoma. Tabasamu lilikuwa limemganda usoni, meno yote nje. Alilisema tangazo lote tena, na kulianza mara ya tatu, ndipo muuza simu alipoachia mikono ya yule mwanamke. Tairi lilianguka, likazunguka kidogo, likalala.

"Wewe ndiye uliyetangaza duka langu lilipofunguliwa," muuza simu alimwambia kutoka pale chini. Alisema kama mtu aliyekutana na ndugu yake mahali pabaya. "Nilimsikilizisha mama yangu tangazo lile kwenye simu."

Mama Pacha akashuka mezani. Hakuna aliyemgusa bado. Waliinua simu zao wakamwelekezea, na walio karibu walirudi nyuma kidogo, wakamwachia nafasi ambayo hakuitaka. Mbali, upande wa barabara kubwa, king'ora cha polisi kilikuwa kimeanza. Alimtafuta yule muuza mitumba kwa macho, kwa sababu katika watu wote wale ndiye pekee ambaye Mama Pacha hakumwogopa. Mwanamke alikuwa anakuja kwake, anafuta damu mdomoni kwa mkono wa shati la kuuza. Mama Pacha alinyoosha mikono amshike.

Mwanamke alisimama kabla ya kuifikia.

"Ni wewe kweli," alisema.

"Ni mimi, dada."

"Mdogo wangu alikuwa anatoka kazini siku ile. Zamu ya usiku, amechoka. Hakuwa na habari ya godoro." Aliongea taratibu, kwa sababu mdomo ulikuwa unauma. "Alinipigia simu akiwa barabarani pale, nikasikia kelele. Nikamwambia, toka hapo, kuna fujo. Akaniambia, hakuna fujo, dada, ni watu wengi tu. Shangazi yupo hapa anasema tuingie."

Mama Pacha alifungua mdomo. Kiwanda kilikuwepo, na umeme, na virungu, na karatasi, na kila kimoja kilikuwa kweli tupu.

"Walimtoa pale mlangoni jioni. Kifua chake kilikuwa kimebonyea." Muuza mitumba alisubiri. King'ora kilikuwa kimekaribia, watu walianza kutawanyika, naye hakusogea. Hakuwa hata na hasira. Alikuwa anataka kujibiwa. "Sema basi," alimwambia. "Si unajua kusema?"